Mbona SMS hazitoki nikibadilisha bei zote?

SWALI: Habari fundi, niko Kisumu, nimetengenezea mama mmoja wa samaki pale Dunga sistimu ya Django (fremuweki ya Python ya kutengeneza mifumo ya wavuti). Nikibadilisha bei ya ngege kwa fomu, post_save (ishara Django inatoa rekodi ikishahifadhiwa na save()) inawatumia wateja SMS, lakini nikipandisha bei zote kwa mpigo na update(), kimya kabisa. Shida ni gani?

JIBU: Poa sana ndugu. Hakuna kitu imeharibika, update() inaenda moja kwa moja kwa databesi bila kupitia save(), kwa hivyo post_save haina habari, na bulk_create(), ile ya kuongeza rekodi nyingi kwa mpigo, ni vile vile. Unaweza zunguka rekodi moja moja ukiita save(), kwa samaki wachache haina noma, lakini mimi ningeandika tu fankisheni moja inabadilisha bei halafu inatuma SMS yenyewe, anayesoma kodi anaona yote mahali pamoja.

Alafu hiyo SMS iweke kwa transaction.on_commit(), inangoja databesi ikubali mabadiliko ndio itume, juu ukiwa ndani ya transakisheni (mabadiliko yanayokubaliwa yote pamoja au kufutwa yote) post_save inaita kabla mambo hayajakamilika, kitu ikikwama mwishoni bei inarudi ya zamani na mteja ashaambiwa mpya, sasa hapo mama ndio ataulizwa.