Mkuu, homa isiwe somo la kwanza

Mleta mada, umeuliza kitabu, maabara na namna ya kutunga mtihani wa somo la tiba ya mageuko (magonjwa yakielezwa kwa jinsi viumbe walivyobadilika vizazi kwa vizazi) kwa shahada ya kwanza. Hayo yasubiri. Kwanza hiyo wiki ya kwanza uliyoipanga, "homa ni kinga, kichefuchefu cha mimba ni kinga". Ifute. Mimi nilifundisha hivyo hivyo na bado najiuguza.

Kuna mzee wa idara, vyeti tele, subira haba, aliniapia: wape hadithi tamu kwanza, uteuzi asilia, yaani wenye sifa za kurithi zinazowafaa kuacha uzao mwingi zaidi, wataudaka njiani. Wataudaka! Walichodaka ni kwamba kila ugonjwa umekuja kwa heri. Kwenye mtihani bakteria "wakaiona" antibiotiki, "wakaamua" kubadilika, "wakajizoeza". Kisukari kikawa urithi mwema wa mababu. Mmoja akazipa chunusi kazi ya kufukuza maadui. Nilicheka, kicheko cha mtu ambaye rundo la kusahihisha halijafika nusu. Hadithi ya namna hiyo ikishaingia haing'oki, ukiikosoa wanadhani unawaongezea nyingine. Yule mzee? Eti wanafunzi wa siku hizi hawasomi.

Sheria yangu ni moja: hakuna "kwa nini" kabla kundi zima la viumbe halijachorwa ubaoni. Nani anatofautiana na nani? Tofauti hiyo inarithiwa? Nani anaacha uzao mwingi zaidi? Kama hayo hayajajibiwa, hadithi isubiri nje.

Kwa hiyo anza na mahameli. Mwaka 1952 wanasayansi Joshua na Esther Lederberg waligandamiza kitambaa cha mahameli juu ya sahani yenye makoloni (vishada) ya bakteria, wakayanakili kwenye sahani nyingine zenye kitu cha kuwaua, antibiotiki ya streptomaisini ikiwemo. Walionusurika walijitokeza mahali pale pale katika kila nakala. Yaani usugu ulikuwepo kabla dawa haijawagusa, na hakuna bakteria aliyeamua lolote. Waache wabishane hapo mpaka wachoke.

Kisha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kazi ya mtafiti Anthony Allison ya 1954: mwenye nakala moja ya jeni lake ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, mwenye mbili anaumwa. Faida kwa huyu, gharama kwa yule. Hekima ya mwili iko wapi hapo?

Homa ije mwisho kabisa, na ije na data: mijusi wa jangwani wa mtafiti Kluger, 1975, walioambukizwa bakteria, ambao walipona zaidi kwenye joto la juu. Na hata hao hawampi mtu ruhusa ya kukataza dawa za homa. Wangu mmoja alishaanza kutoa ushauri huo bwenini.