Swali la lugha: "asili ya ukeni", "nasaba ya mama" au "ukoo wa kuukeni"?

Dada mmoja wa Mombasa ameniandikia hivi. Ndugu yake anayeishi Toronto alipima DNA kwa mate, majibu yakaja kwamba upande wa mama wako kwenye haplogrupu L3e, yaani tawi moja la ukoo linalotambuliwa kwa DNA, sasa yeye ndo kapewa kazi ya kuwaelezea wazee kwa Kiswahili kwenye grupu la WhatsApp la familia. Akaandika: "Asili yetu ya ukeni ni L3e, ilihama kutoka Afrika ya Kati." Mjomba wake akakasirika kwa sababu ya hilo neno ukeni, na babu mmoja akajibu kwamba hakuna kitu kinaitwa nasaba ya mama, nasaba ni ya baba basi. Anauliza nani yuko sahihi na yeye aandike vipi.

Dada, mjomba wako yuko sahihi kabisa, babu yuko sahihi nusu, na neno lililoharibu sentensi yako zaidi ni lile ambalo hakuna aliyelilalamikia, yaani asili.

Tuanze na mjomba. Kiswahili kina jozi ya zamani nzuri sana, kuumeni na kuukeni. Ndugu wa kuumeni ni wale wa upande wa baba, wa kuukeni ni wa upande wa mama, na hata kwenye harusi za pwani bado utasikia watu wa kuumeni wamefika, maana yake upande wa bwana harusi. Sasa wewe umeikata ile ku- ya mbele ukabaki na ukeni, na ukeni siku hizi ni neno la zahanati na vipindi vya afya redioni, muwasho ukeni, maambukizi ukeni, kwa hiyo mzee akisoma "asili yetu ya ukeni" lazima ashtuke. Andika kuukeni, kwa u mbili. Ukihofia vijana hawatalielewa weka "upande wa mama", haina ubaya wowote, ila mi ningependa kuukeni irudi kwenye matumizi maana hakuna neno lingine linalobeba hiyo maana kwa ufupi namna hiyo.

Babu naye. Nasaba tumeichukua kutoka Kiarabu na imekuja na desturi yake. Pwani nasaba inahesabiwa kwa baba, fulani bin fulani bin fulani, na kwenye sheria ya Kiislamu mtoto ananasibishwa kwa baba yake. Kwa hiyo mzee anapokataa "nasaba ya mama" analinda maana ya neno kama alivyolirithi na tusimwone mgumu. Lakini Watanzania walilichukua hilohilo neno wakalitia kwenye ngeli ya ki-vi likawa kinasaba, vinasaba, na sasa limeshaingia mahakamani na hospitalini, Mkemia Mkuu wa Serikali anapima vinasaba, kuna sheria ya mwaka 2009 inayohusu vinasaba vya binadamu, na hakuna anayefikiri vinasaba ni vya baba peke yake. Kenya magazeti yanaandika msimbojeni au wanabaki na DNA tu. Kwa hiyo ukimwandikia babu "vinasaba vya upande wa mama" hatakuwa na neno, ila ukiandika "nasaba ya mama" mtabishana mpaka asubuhi.

Sasa ni nini hasa kilichopimwa, maana bila kujua hicho huwezi kuchagua neno. Ndani ya seli zetu kuna vijumba vidogo vinavyozalisha nguvu, vinaitwa mitokondria, na vina DNA yao wenyewe pembeni na ile kubwa ya kwenye kiini, ni duara dogo lenye herufi 16,569, yaani vipande vidogo vya kemikali, na jeni 37. Mama anawapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, lakini mtoto wa kiume hairithishi, inaishia kwake. Kwa hiyo wewe unayo ya mama yako, naye ya mama yake, inarudi nyuma hivyohivyo mwanamke kwa mwanamke, na kila baada ya muda mrefu herufi moja inabadilika na mabadiliko hayo ndo yanatumika kutenganisha matawi. Wataalamu wameyapa matawi majina ya herufi, L0 mpaka L6 ni ya Afrika, na kutoka L3 ndo yalitoka M na N ambayo ni mama wa karibu matawi yote ya kuukeni ya watu walioko nje ya Afrika, Wachina, Wazungu, Wahindi.

Hapa naomba uangalie uhusiano wa mjomba na mpwa. Mpwa kwa maana yake ya zamani ni mtoto wa dada, siku hizi watu wanamwita mpwa mtoto wa ndugu yeyote lakini kamusi bado zinakumbuka. Wewe na mjomba wako aliyekasirika mna mitokondria ileile, lakini watoto wake wa kuzaa hawana hiyo, wana ya mama yao. Ndiyo hesabu ileile ya ukoo ya Wamakonde, Wayao, Wamwera, na Wadigo wa zamani, kwamba mali na cheo vinatoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na Wangazidja kule Komoro mpaka leo wana mali inayoshuka kwa wanawake wanaiita manyahuli. Kwa hiyo mtu asikuambie Kiswahili na jirani zake hawana namna ya kuusema ukoo wa mama. Tunasema ndugu wa tumbo moja, tunasema mlango wa bibi fulani, tunasema wa kuukeni. Maneno yapo, ni sisi tumezoea kutafsiri kutoka kwenye majibu ya maabara ndo tunaishia "mstari wa mama", ambao Mswahili akiusikia anafikiria mstari wa kwenye daftari.

Haya, asili. Hili ndo linaniuma kidogo, kwa sababu kwenye historia ya pwani neno asili limetumika vibaya miaka mingi. Mtu anasema asili yangu Shirazi, yaani Uajemi, mwingine anasema uongo wewe asili yako ni Mwafrika, wanagombana, na kila mmoja anahesabu upande mmoja tu. Mwezi wa tatu 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha kazi ya timu kubwa, akiwemo Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, na David Reich, mtaalamu wa vinasaba wa Harvard. Walisoma vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wamezikwa kwenye miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, na wengine Makwasinyi kule bara, wa kuanzia miaka ya 1250 mpaka 1800. Wengi wa pwani walikuwa watu wa hadhi. Mitokondria za hao wa pwani karibu zote ni za L, Afrika tupu, lakini kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume, nyingi zilikuwa za Asia ya kusini magharibi, na ile sehemu ya Asia kwa wengi ilikuwa zaidi ya Kiajemi mpaka kama mwaka 1500 hivi, baada ya hapo Uarabu ukazidi. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Yaani wazee wa Kilwa waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa wanaota, na waliosema pwani ni ya Waafrika nao walisema kweli, na hata ile hadithi ya Kilwa yenyewe inavyosimuliwa kwa Kiswahili mgeni anamuoa binti wa Mrimba, mwenyeji wake. Bibi alikuwa ndani ya hadithi siku zote, ila hakuwa ndani ya nasaba.

Na sisi wa lugha hilo halitushangazi sana. Bandari ni Kiajemi, nahodha ni Kiajemi, lakini ngeli, vitenzi na viambishi vyote ni Kibantu, jirani kabisa na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Watoto waliongea lugha ya mama zao. Sisemi lugha inapimwa kwa vinasaba, mtu anaweza kuongea Kiswahili na babu zake wote wametoka Bukavu au Muscat, na hiyo kazi ya 2023 yenyewe inaonyesha watu wa pwani wa leo wameendelea kuchanganyika na wengine toka enzi za hao waliozikwa.

Kwa hiyo L3e si asili yenu. Ni ukoo wenu mmoja. Piga hesabu, ukirudi vizazi 10 tu nyuma una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na mitokondria inatoka kwa mmoja wao, bibi mmoja kati ya hao wote. Wengine 1,023 hawamo kwenye hiyo karatasi ya Toronto. Asili ni neno la jumla, linawabeba wote, usiliweke pale penye mtu mmoja.

Kitu kingine ni kitenzi, umeandika L3e "ilihama". Haplogrupu haihami dada, wanahama watu. Tawi linaanzia mahali na linaenea au kusambaa, halafu wanawake waliolibeba ndo walihama, waliolewa, walifuata mashamba mapya, au walichukuliwa kwa nguvu. Hiyo tofauti si ndogo. L3e ni ya zamani kuliko lugha yoyote ya Kibantu kwa makumi elfu ya miaka, lakini kilichoifikisha pwani kwa wingi ni safari za wasemaji wa Kibantu waliotoka upande wa Kameruni miaka kama 4,000 au 5,000 iliyopita na kufika huku kama miaka 2,000 iliyopita, ambako walikuta watu tayari, kwa mfano tawi la L4 hadi leo liko kwa wingi kwa Wahadzabe na Wasandawe.

Halafu vuka bahari. Hadhramaut kule Yemen watafiti wamekuta kama theluthi ya watu wana mitokondria za L, lakini kromosomu Y za Kiafrika huko ni chache sana. Wanawake walivuka, wengi wao kwa utumwa, wakawa masuria, na mtoto wa suria akihesabiwa kwa baba anakuwa huru na ana nasaba kamili ya baba, jina la mama likapotea. Kwa hiyo ukiandika "L ilihamia Uarabuni" umewafuta tena hao mama. Na mambo yalikwenda pande zote, Salme binti Said, mtoto wa sultani, aliyezaliwa Zanzibar 1844 nasaba yake ni Busaidi wa Oman moja kwa moja, lakini mama yake alikuwa suria Mcherkesi kutoka Kaukasia, kwa hiyo ukoo wake wa kuukeni ulikuwa wa kule milimani, hauko Oman wala Unguja.

Mimi ningewaandikia wazee hivi: "Vinasaba vya upande wa mama vinaonyesha kwamba ukoo wetu wa kuukeni, yaani bibi, mama yake bibi, na mama zao nyuma, ni wa tawi la L3e. Tawi hili lilianzia Afrika ya Kati zamani sana na likaenea huku pwani na wanawake waliokuja na wasemaji wa Kibantu. Majibu haya hayasemi kitu kuhusu nasaba ya kina baba." Hiyo sentensi ya mwisho mpe babu, na haplogrupu ukiitaja iweke ngeli ya i-zi, haplogrupu yetu, haplogrupu zetu, usiandike haplogrupu letu hata kama kundi ni letu.