Umeshika amri ya korti tu? Anza na faili
Dada, unamtafuta mama aliyekuzaa baada ya kuasiliwa na familia nyingine: kama ulichonacho ni amri ya kuasiliwa ya Mahakama Kuu ya Kenya peke yake, usikimbilie Facebook. Chukua namba ya kesi iliyo juu ya amri hiyo, umwombe wakili apeleke ombi uruhusiwe kusoma faili. Muhimu zaidi humo ni ripoti ya shirika la kuasili: ndiyo huonyesha kama mama alitia sahihi ya idhini au uliokotwa. Ukiwa uliokotwa, usitegemee kukuta jina lake. Tafuta namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na kituo ulikoripotiwa, maana makao ya watoto hufungwa na karatasi zikapotea. Jina likipatikana, tafadhali mtume kwanza mtu wa tatu, kwa siri. Huenda mumewe na watoto hawajui lolote.