Maziwa hayaondoi thina mwilini

SWALI: Daktari, shikamoo. Napiga rangi magari gereji hapa Dar es Salaam, mwaka wa 14 sasa. Siku hizi nasahau sana, jioni kichwa kinauma, na mke wangu anasema nimekuwa mtu wa hasira. Kila nikitoka kazini nakunywa maziwa kutoa sumu. Je, ni thina tunayochanganyia rangi iwe nyepesi, au uchovu tu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Maziwa ni chakula kizuri, ila kazi hiyo hayaiwezi. Yanashuka tumboni, wakati mvuke wa thina unapita mapafuni na kuingia kwenye damu. Ukinawa mikono kwa thina, nyingine inapenya kwenye ngozi. Thina nyingi zina toluini na zailini, kemikali zinazopenda mafuta, na ubongo una mafuta mengi.

Kizunguzungu cha siku moja huisha ukipata hewa safi. Hatari ni kuvuta miaka na miaka. Nchi za Skandinavia zililiona hili kwa wapaka rangi tangu miaka ya 1970, na mwaka 1985 wataalamu walilipanga kwa hatua. Kwanza huja uchovu, hasira na huzuni. Hapo mtu akiacha kuvuta, mara nyingi hupona. Kisha kumbukumbu na umakini hupungua. Mwisho akili hudhoofu kabisa, na hapo hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana nakusihi usisubiri.

Hata hivyo presha, pombe, sonona na kukosa usingizi huleta dalili hizohizo. Nenda hospitali, mweleze daktari kazi yako na miaka yake, na uende na mkeo, maana yeye anaona mabadiliko usiyoyaona. Picha ya ubongo inaweza kutoka safi; omba upimwe kumbukumbu na umakini. Angalia pia: ukiwa likizo, kichwa kinatulia? Madhara ya thina kwa kawaida hayasongi mbele ukishaacha kuivuta. Ukizidi kuzorota hata baada ya kuacha, tutafute sababu nyingine.

Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, si mvuke. Unahitaji yenye vichujio vya kaboni, vinavyobadilishwa kwa wakati, na feni ya kutoa hewa nje. Kwa rangi ya kuchanganya na hadina, yaani kemikali ya kuikaza rangi, hata hiyo haitoshi, inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, kwa sababu hadina huleta pumu.

Kama umeajiriwa, ugonjwa uliotokana na kazi hulipiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mjulishe mwajiri kwa maandishi mapema, ubaki na nakala.