GR20 Corsica kwa siku 12, inawezekana?

Swali: Naishi Marseille, nimeshapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Agosti nina likizo ya siku 12, nataka kutembea GR20, ile njia ndefu ya milimani kule kisiwa cha Corsica, mwanzo mpaka mwisho, peke yangu na hema langu. Zitatosha? Begi liwe kilo ngapi?

Jibu: Dada, kwa njia yote hazitoshi, kwa nusu yake zinatosha vizuri tu. Njia ni kama kilomita 180 kutoka Calenzana hadi Conca, imegawanywa vipande 16, na mtu wa kawaida anamaliza kipande kimoja kwa siku. Najua utasema mbona Monte Cinto, mlima mrefu kuliko yote kisiwani, ni mita 2,706 tu, yaani karibu sawa na Mandara ulipolala usiku wa kwanza Marangu. Sawa, ila Marangu njia imekanyagwa ikalainika na wagumu, yaani wapagazi, wamekubebea mzigo, huku unabeba mwenyewe, unapanda unashuka kila siku kwenye mawe matupu, kuna sehemu unashika minyororo. Usipige hesabu kwa kilomita. Kwa mfano kipande cha Carrozzu hadi Asco ni kilomita 6 hivi lakini zinakula masaa 5 mpaka 6, na magoti utayasikia wakati wa kushuka.

Mimi ningekupangia hivi: Calenzana hadi Vizzavona, vipande 9, siku 2 za meli na usafiri, siku 1 ya akiba hali ya hewa ikichafuka. Vizzavona kuna stesheni, treni inakushusha Bastia unapanda meli kurudi nyumbani. Kama unaogopa majabali anzia Vizzavona uelekee Conca, vipande 7, kusini ni afadhali kidogo.

Begi langu mimi na la mteja wangu halizidi kilo 12, maji yakiwemo. Chakula unanunua kwenye vibanda vya njiani wanakolala wapanda milima, kwa hiyo beba keshi. Siku ya kwanza chukua lita 3 za maji maana unapanda zaidi ya mita 1,200 na jua linachoma kweli. Hema huruhusiwi kupiga popote, ni pembeni ya vibanda tu, na nafasi unabuku mapema kwa mamlaka ya hifadhi. Moto wa kuni usiwashe kabisa.

Sasa Agosti. Hapa nakuomba unisikilize, radi za mchana kule zinaua, na dhoruba si za mchana tu, asubuhi ya tarehe 18 Agosti 2022 upepo ulizidi kilomita 200 kwa saa na watu 5 wakafa kisiwani. Ondoka saa 11 alfajiri, saa 8 mchana uwe umeshafika kibandani. Ukiweza kusogeza likizo hadi mwanzoni mwa Septemba, sogeza. Na ukipewa ramani ya zamani inayokupitisha Cirque de la Solitude, korongo la majabali, usiifuate, maporomoko ya mawe na udongo ya Juni 2015 yaliua watu 7 pale, siku hizi njia inapita juu, upande wa kilele cha Pointe des Éboulis.