Farasi Karudi Mzima, Asubuhi Miguu Imejaa: Maswali Yenu

Baridi ya Juni ikishaingia, simu zangu kutoka Mufindi hadi Makete hufanana: farasi alirudi salama jana, leo miguu imevimba. Nimechagua maswali matano.

Shikamoo daktari. Jumamosi tulizunguka kwenye mashamba ya chai kwa saa sita nzima. Nilipomrudisha nilimvika blanketi nikamfungia bandani. Asubuhi miguu yote miwili ya nyuma imejaa kuanzia kifundoni, ila hachechemei. Nimpe dawa gani? – Msomaji, Mafinga

Marahaba. Dawa yake ni kufungua mlango wa banda. Mguu wa farasi, kuanzia goti kwenda chini, karibu hauna misuli. Ni mifupa, kano na ngozi. Majimaji yanayoshuka huko hupandishwa na mwendo: kwato ikikanyaga na kuinuka, damu nayo inasukumwa kurudi juu. Wewe umemfanyisha kazi kutwa, kisha ukamsimamisha usiku kucha katika chumba cha hatua tatu. Yangepanda kwa njia gani?

Mtembeze taratibu dakika 20 bila mtu mgongoni, halafu bonyeza uvimbe kwa kidole. Kama pamepoa, haumii, na uvimbe unapungua, sina wasiwasi naye. Siku nyingine, kilomita mbili za mwisho njooni kwa hatua za kawaida, mlegeze mshipi wa tandiko, mkaushe jasho, kisha mwache uwanjani. Farasi mzima aliyekauka anaivumilia baridi ya Mufindi. Wanaotetemeka ni sisi. Na siku ya mapumziko punguza pumba na mahindi, umwongeze majani. Kumlisha kama yuko kazini huku amesimama tu ni kuutafuta uvimbe.

Wangu kavimba mguu mmoja tu wa mbele, upande wa nyuma wa mguu huo, una joto na hataki kuukanyagia. Jirani anasema nimkaze bendeji kisha nimtembeze. – Uyole

Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Mguu mmoja wenye joto na maumivu una sababu yake: kano imeumia, kwato ina usaha, au kidonda kidogo kimepitisha vijidudu. Kano iliyochanika ukiitembeza unaichana zaidi.

Mtulize. Inua kwato utafute msumari, mwiba au jiwe. Ukikuta msumari umezama, usiung'oe kabla daktari hajafika, maana anahitaji kuona ulipoelekea. Usipokuta kitu wala jeraha, mwagia mguu maji baridi dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Maji ya bomba ya Mbeya mwezi huu hayahitaji barafu! Mpime joto pia: farasi mkubwa huwa kati ya 37.5 na 38.5. Likifika 39, au mguu ukijaa hadi juu kama nguzo, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Bendeji ina kazi yake, lakini hutanguliwa na pamba nene iliyosambazwa sawasawa. Nimewahi kukata tyubu ya baiskeli iliyofungwa mguuni kwa nia njema kabisa. Uvimbe uliisha, alama ya tyubu haikuisha.

Nikimchoma sindano ya maumivu kabla ya safari ili asivimbe? – Iringa mjini

Hapana. Utaficha maumivu yanayomwambia apunguze mwendo, na farasi aliyepungukiwa maji dawa hizo humharibia figo.

Wiki tatu zilizopita tulishuka upande wa Ruaha. Sasa miguu yote imevimba na tumbo kwa chini, anakonda ingawa anakula. Kutembea hakusaidii. – Iringa vijijini

Hapa urefu wa safari niuweke kando, nikuulize mlipita wapi. Bondeni kuna mbung'o (ndorobo), na farasi hana kinga ya maana dhidi ya vimelea wanaosambazwa nao: homa ya kupanda na kushuka, damu kupungua, kisha uvimbe wa miguu na tumbo. Magonjwa ya kupe nayo huweza kuvimbisha miguu, hivyo angalia fizi kama zimepauka au zina umanjano. Macho hayatoshi kutofautisha, damu ipimwe. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Iringa. Tafadhali usinunue dawa ya ndorobo ya ng'ombe ukamchoma kwa kukisia, kwani inaweza kumdhuru farasi vibaya.

Sisi huku tuna punda wa kubeba mpunga, si farasi. Yanatuhusu? – Mbarali

Yanawahusu, tena mwe macho zaidi, kwa sababu punda huficha maumivu. Akianza kuonyesha, ameumia muda. Joto lake la kawaida ni la chini kidogo, kama 37. Lakini kabla ya kipimajoto angalia kamba mnayomfungia mguuni usiku. Uvimbe ukianzia hapo, hamisha kamba ifungwe kwenye hatamu.