Mwalimu, hakuna "mtoto wa kuona" na "mtoto wa kusikia"

SWALI: Shikamoo mkufunzi. Nafundisha Hisabati Darasa la Nne, nina watoto 84 chumba kimoja. Likizo iliyopita nililipa 30,000 kuhudhuria semina ya siku moja. Tulifundishwa kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza: wa kuona, wa kusikia au wa kutenda. Tukapewa dodoso la kuwatambua. Nimewagawa makundi matatu, nimetunga wimbo, nimechora chati, na darasa limechangamka mpaka mwalimu mkuu akanisifu. Lakini jaribio la mwezi la kutoa kwa kukopa wameanguka wengi kuliko mwanzo. Je, niliwagawa vibaya? (Mwalimu, Singida)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hukuwagawa vibaya. Hakuna namna ya kuwagawa vizuri, maana makundi yenyewe hayapo. Swali hili hunijia kila baada ya likizo, na kila mara naumia nikifikiria mshahara wa mwalimu ulivyo, kisha mtu anaukata kwa jambo ambalo watafiti walishalipima.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wakiongozwa na Harold Pashler, walipitia tafiti za mitindo ya kujifunza. Walitafuta ushahidi wa aina moja tu: watoto wa kila mtindo wagawanywe, nusu wafundishwe kwa mtindo wao na nusu kwa mtindo mwingine, kisha wote wafanye mtihani mmoja. Kama nadharia ni ya kweli, waliofundishwa kwa mtindo wao wataongoza. Tafiti zilizofanywa hivyo zilikuwa chache mno, na kadhaa kati yake zilipinga nadharia hiyo waziwazi. Hata hivyo, mwaka 2014 mtafiti Paul Howard-Jones alichapisha matokeo ya walimu wa Uingereza, Uholanzi, Uturuki, Ugiriki na China, na katika kila nchi zaidi ya asilimia 90 walikuwa bado wanaamini. Kwa hiyo usijione mjinga. Wenzako wamejaa dunia nzima.

Watoto wanatofautiana, sikatai. Yupo asiyeona ubao. Huyo mkalishe mbele na umwambie mzazi ampeleke akapimwe macho. Yupo aliyefika Darasa la Nne hajui thamani ya nafasi ya tarakimu. Tofauti hiyo ya pili ndiyo inayowaangusha watoto wako, na dodoso la semina haliwezi kuigusa.

Chukua madaftari ya jaribio lile uangalie majibu waliyokosa. Nina hakika penye 402 kutoa 178 utakuta 376 mara nyingi. Mtoto huyo hakubahatisha. Kwenye mamoja aliona 2 na 8, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 6. Kwenye makumi akatoa 0 kwenye 7, akapata 7. Kwenye mamia, 4 kutoa 1, akapata 3. Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, na wimbo wako hauwezi kuing'oa kwa sababu wimbo haukujua kama ipo. Muite mezani, mwambie, "Nionyeshe ulivyofanya," kisha unyamaze. Halafu mpe vibanzi: mafungu manne ya mia mia na viwili vya peke yake. Mwambie atoe 178. Atakwama kwenye mamoja, na hapo hapo ataona kwa nini lazima afungue fungu la mia apate makumi kumi, kisha afungue kumi moja apate vibanzi kumi. Vibanzi wape wote 84. Vinafaa kwa sababu vinaonyesha namba ilivyojengwa, wala si kwa sababu kuna mtoto "wa kutenda".

Sasa nifike kwenye linaloniudhi zaidi ya mitindo yenyewe: tunapima ufundishaji kwa macho na masikio yetu. Darasa likiimba, limefundishwa. Mwalimu akiuliza "Tumeelewa?" nalo likaitikia "Ndiyooo", andalio la somo linajazwa kwamba lengo limefikiwa. Watoto 84 wakiitika pamoja, ishirini wanaojua wanawafunika sitini na nne wasiojua. Acha swali hilo kabisa. Andika hesabu moja ubaoni, kila mtoto aandike jibu kwa maandishi makubwa, wanyanyue madaftari kwa pamoja, nawe upite kwa macho. Ukiuliza kwa mdomo, subiri kabla ya kumtaja mtu. Mtafiti Mary Budd Rowe alipowapima walimu wa sayansi Marekani, alikuta wengi wanasubiri kama sekunde moja tu. Waliposogeza hadi tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza.

Na usipime siku ile ile tu. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Wengine walikisoma tena, wengine walifunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikuwa na asilimia 42, na wale waliojijaribu 56. Somo lililoonekana tamu siku ya kwanza ndilo lililosahaulika zaidi. Basi anza kila kipindi kwa hesabu tatu za wiki iliyopita, daftari la zamani likiwa limefungwa.

Semina nyingine zitakuja. Utaonyeshwa piramidi inayodai tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma na 90 ya tunachotenda. Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani anayesingiziwa namba hizo, alichora mchoro wake wa koni, unaofanana na piramidi hiyo, mwaka 1946 bila asilimia hata moja. Utauziwa pia vipimo vya kujua kama mtoto ni wa "ubongo wa kushoto" au wa "ubongo wa kulia". Kabla hujatoa hela, simama umuulize mwezeshaji: watoto gani walifundishwa hivi, gani hawakufundishwa hivi, na wote walipata ngapi kwenye mtihani mmoja baada ya wiki kadhaa? Akikujibu kwa kukuonyesha picha za darasa lililochangamka, chukua mkoba wako urudi nyumbani.